Somo: Kulinganisha mbinu za kupima fosforasi ya udongo

Maabara mbili zikipima udongo wa mfuko mmoja na kutoa majibu mawili ya fosforasi, huenda hakuna iliyokosea. Kila mbinu ina kiyeyusho chake, nacho hukamua sehemu tu ya fosforasi iliyomo, ile inayokisiwa kuwa mmea utaweza kuifikia.

Hatua ya 1. Anika udongo kivulini hadi ukauke, uponde, uuchekeche kwa chekecheo la milimita 2, kisha uuchanganye vizuri kabla ya kuugawa. Ukiruka hatua hii utakuwa unalinganisha mifuko, si mbinu.

Hatua ya 2. Pima pH, yaani kiwango cha tindikali ya udongo, kwani ndiyo inayoamua mengi. Mbinu ya Bray 1, iliyotolewa mwaka 1945, hutumia asidi hafifu ya hidrokloriki pamoja na floridi, na hufaa udongo wenye tindikali. Kwenye udongo wa chokaa nyingi, asidi hiyo humalizwa na chokaa kabla ya kuifikia fosforasi, hivyo jibu hutoka dogo mno. Olsen, ya mwaka 1954, hutumia baikaboneti ya sodiamu yenye pH 8.5 na ilikusudiwa hasa udongo wa namna hiyo. Mehlich 3, ya mwaka 1984, hukamua fosforasi, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kwa mtikiso mmoja wa dakika 5, ilhali Olsen hutikiswa nusu saa kwa ajili ya fosforasi; si ajabu maabara zenye kazi nyingi huipendelea Mehlich 3.

Hatua ya 3. Andika jina la mbinu na kizio cha kipimo kando ya kila namba. Namba tupu haina maana.

Hatua ya 4. Tumia jedwali la viwango lililotokana na majaribio ya mbolea shambani kwa mbinu hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ripoti ya zamani ni ya Olsen, mpya ni ya Mehlich 3, na fosforasi imeongezeka maradufu. Je, mbolea imefanya kazi?
Jibu: Ripoti hizo haziwezi kuthibitisha hilo, kwa kuwa Mehlich 3 kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko Olsen. Ikiwa umehifadhi udongo wa zamani, upimwe upya sambamba na mpya.

Swali: Hakuna namba ya kuzidisha tu?
Jibu: Milinganyo ipo, lakini kila mmoja huaminika kwa aina ya udongo uliotumika kuutengeneza.

Swali: Maabara mbili zote zimetumia Mehlich 3, mbona bado zinatofautiana?
Jibu: Uliza zimesomaje fosforasi katika kimiminika kilichokamuliwa. Kipimo cha rangi ya buluu ya molibdeti husoma hasa fosfeti iliyo huru, ilhali mashine ya plazma (gesi yenye joto kali mno) husoma pia fosforasi iliyofungwa katika mabaki ya viumbe.