Somo: Kutoka SCRIPT hadi GML kwenye kompyuta kuu za IBM

Tunaanzia kwa SCRIPT, programu ya kupanga matini ambayo Stuart Madnick aliiandika mwaka 1968 kwa ajili ya CP-67/CMS, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM, akifuata njia iliyofunguliwa na RUNOFF, programu ya kupanga matini ya Jerome Saltzer huko MIT mwaka 1964.

Hatua ya kwanza: andika matini bila kujali mistari inakatikia wapi, kwa kuwa programu yenyewe huyakusanya maneno na kuujaza mstari hadi pambizoni. Amri hukaa kwenye mstari wake, nukta ikiwa mwanzoni kabisa:

.ce
Matengenezo ya Pampu
.sp 2

Hapo .ce huweka katikati mstari unaofuata, na .sp 2 huacha mistari miwili mitupu. Jihadhari na nafasi: mstari wa matini ukianza na nafasi tupu, aya hukatika hapo hapo, nawe utaitafuta amri iliyoikata usiione.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito. Tuseme mwongozo wako una vichwa 80, vyote vimewekwa kwa .ce, na sasa mkuu wako anataka vianzie kushoto. Itakubidi upitie amri moja moja, maana si kila .ce ni kichwa. Nyingine ni za maelezo ya michoro. Charles Goldfarb, Edward Mosher na Raymond Lorie wa IBM, walioanza kazi yao mwaka 1969, waliiondoa adha hiyo kwa GML, lugha ya kuweka lebo kwenye matini, ambayo herufi zake ni za mwanzo za majina yao ya ukoo: unataja kitu ni nini, na umbo lake huamuliwa kwingine, mara moja tu.

:h1.Matengenezo ya Pampu
:p.Kabla ya kufungua:
:ol.
:li.Zima umeme.
:li.Funga valvu.
:eol.

Lebo huanza na nukta pacha na kuishia na nukta. Namba za orodha huziandiki wewe. Ukichomeka hatua mpya katikati, zinajipanga upya.

Swali: Mwalimu, nikisahau :eol. itakuwaje?
Jibu: Orodha haitafungwa, na aya zinazofuata zitaendelea kuingia ndani kana kwamba ni sehemu yake.

Swali: Je, GML iliifuta SCRIPT?
Jibu: La. Kila lebo ilifungwa kwenye makro, yaani kifurushi cha amri chenye jina, na ndani ya makro hiyo zilikuwamo amri zilezile za SCRIPT.

Swali: Mbona h1, p, ol na li nimezizoea kwenye HTML, lugha ya kurasa za wavuti?
Jibu: Ni hizo hizo. GML ilizaa SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa ISO 8879 mwaka 1986, na HTML ilijengwa kwa mtindo wa SGML. Nukta pacha ndiyo iliyobaki njiani.