Mashine imelia, umetoa chuma cha zamani: namna ya kukitambua

Huku Chunya, kwenye mabonde ya Lupa, ditekta, mashine ya kutafutia chuma na dhahabu ardhini, ikilia si lazima iwe dhahabu. Wachimbaji wa miaka ya 1930 waliacha vyuma vingi ardhini, na kabla yao walikuwepo wahunzi. Inaniuma kila nikiona kijana anakirusha kichakani.

1. Usikivute. Chimbua pembeni, piga picha kingali udongoni, andika kina chake. Ukikuta mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yenye vitundu, acha kuchimba: huenda palikuwa na tanuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Toa taarifa kwa afisa utamaduni wa wilaya.

2. Safisha kwa brashi kavu ya meno na kijiti. Tindikali hapana, grainda hapana kabisa.

3. Tazama mpini uliingiaje. Hapa ndipo ninapopata majibu mengi. Jembe au shoka la mhunzi wa jadi lina mkia uliochongoka, unaopenyezwa kwenye tundu la mpini wenye kichwa kinene. La kiwandani ni kinyume chake: tundu liko kwenye chuma chenyewe. Mkia ukiwa umekatika, papasa ukingo wa juu wa bapa, utakuta kisiki chake. Kisha angalia kutu. Chuma kilichoyeyushwa kwa mivukuto mara nyingi hubanduka nyuzinyuzi kama gogo lililopasuliwa, kwa sababu takataka za tanuri zilibaki ndani. Ila usiamue kwa kutu peke yake, maana wahunzi walifua pia vyuma chakavu vya Wazungu. Nao mkia wa jembe waliutengeneza vilevile.

4. Tafuta maandishi usiku. Laza tochi ubavuni mwa chuma, herufi zilizofifia zitatoa kivuli. Ukisoma jina la nchi, kama GERMANY, kwa kawaida chombo hicho ni cha baada ya 1887, mwaka ambao sheria ya Uingereza ilieneza desturi ya kuandika nchi bidhaa ilikotoka.

5. Soma ulikaji. Sururu utaijua kwa tundu lililo katikati na mikono miwili. Kipande kinene cha chuma chenye kichwa kilichofumuka kama uyoga ni moko, patasi ya kupasulia mwamba. Moko fupi sana imenolewa mara nyingi, na hunolewa kwa moto, kwa hiyo chunguza kama kuna makaa jirani.