Shokapu za mlango wa nyuma: chuma chembamba kikae chini

Wenye Noah na Probox hapa Kigoma, ukifunga shokapu mpya za mlango wa nyuma hakikisha mlango ukiwa umefungwa kile chuma chembamba kinachong'aa kinaangalia chini, silinda nene iko juu, mi zangu nimezikuta zimegeuzwa ndo maana hazikudumu. Mle ndani kuna naitrojeni yenye presha kubwa, ndo inayosukuma mlango, na mafuta kidogo sana. Chuma kikiwa chini yale mafuta yanalalia sili, yaani ule mpira wa mdomoni chuma kinapoingilia silinda, sili haikauki gesi haitoroki, halafu mlango ukikaribia mwisho juu unapunguza mwendo wenyewe haugongi. Vumbi letu la kiangazi pia linakwangua sili kwahiyo futa chuma kwa kitambaa laini, msasa usiguse kabisa.

Kuzigeuza hakusaidii kama chuma kina kutu au mikwaruzo, au mdomoni pameloa mafuta, hapo gesi inatoka tayari, nunua zote mbili kwa pamoja. Kuna nyingine vichwa vya kufungia vya juu na chini havifanani, hizo hazigeuziki. Na tafadhali jamani fundi asitoboe wala kuchoma moto shokapu ya zamani, ile presha inaumiza mtu vibaya.