Vile tunajitengenezea vifaa spesheli vya gari za zamani na kuviazimana, Nakuru hadi Kisumu

Ile siku hedi (kile kichwa cha juu cha injini) ya Pijo 504 yangu ilitolewa, vijana wawili waliishika huku na huku wakaivuta juu moja kwa moja, nikasikia "tup!" kama kizibo kikitoka kwenye chupa. Hakuna aliyejali. Tukaweka gasketi mpya, tukafunga, gari ikawaka vizuri tu, halafu baada ya siku chache navuta dipstiki naona oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanapita chini ya laina (ile silinda ya chuma pistoni inapanda na kushuka ndani yake) yanaingia kwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gereji yenyewe siitaji, hawakuwa na kifaa cha hio kazi na hawakuwa wamewahi kukiona, lakini injini ilibidi ishushwe yote na hapo ndipo nilianza hii maneno ya kujitengenezea vifaa, kisha wenzangu wa hapa Nakuru wakaingia, kisha jamaa wa Kisumu.

Hizi gari zina heshima yake huku kwetu. 504 ilichukua Safari Rally 1975 na tena 1978, kabla yake 404 ilikuwa imeichukua 1963, 1966, 1967 na 1968, na ukimuuliza mzee yeyote wa Kisumu atakwambia vile zile Pijo stesheni wagoni zilikuwa zinabeba watu hadi Nairobi. Bado ziko nyingi nyuma ya nyumba, zimefunikwa turubai, kuku wanataga ndani. Spea utatafuta hadi upate. Ile kitu inakwamisha watu ni kwamba ukifungua manyuali ya kiwanda unaona picha ya kifaa na namba yake, na hio kifaa ilitengenezewa madila, wale wauzaji rasmi wa kiwanda, huwezi kuingia dukani leo ukaulizia.

Sasa kabla hujawasha grainda, kaa chini na hio picha ujiulize kifaa kinashika wapi, kinasukuma ama kuvuta wapi, na kisiguse wapi. Hilo la mwisho ndilo watu huruka. Mtu anatengeneza kitu kizito kizuri kabisa halafu kinakwaruza mahali gasketi inakaa.

Tuanze na Pijo ndio uone vile nasema. Laina za hio injini ni za kuchomoka, zimekaa ndani ya maji, na huko chini zinazibwa na gasketi nyembamba. Hedi ikikaa miaka mingi, gasketi ya juu inashikana na hedi na laina kama gundi, kwa hivyo ukivuta hedi juu laina inakuja nayo kidogo, uchafu unaingia chini yake, basi, hata ukiirudisha haitaziba tena. Kwa hivyo unahitaji vitu viwili.

Cha kwanza ni vyuma viwili vya kuitikisa hedi. Chukua raundi baa laini, usichukue nondo ya ujenzi, ile ina mikunjo itakuharibia shimo. Unene wake uwe wa kuingia kwa shimo la bolti ya hedi bila kucheza sana, urefu kama sentimita 60, mdomo uupige tupa uwe mviringo. Injini ikiwa baridi kabisa, maji yametolewa, roka na pushirodi (zile za kufungua valvu) zimetoka, bolti zimelegezwa kwa utaratibu wa manyuali, unaingiza vyuma kwa mashimo mawili yaliyo mbali, moja kila mwisho, unaivuta hedi kuja kwako kisha unaisukuma, pole pole, mpaka uisikie imeachia. Inaachia na mlio mdogo wa kukwaruza, ule wa gasketi kuchanika, sio ile "tup" yangu. Hapo sasa ndio unainua.

Cha pili ni vishikizo vya laina, na hivi viwe tayari mezani kabla hedi haijatoka maana ikishatoka kuna mtu lazima atataka kuzungusha krenki aone pistoni. Kata vipande vya plieti ya milimita 6 hadi 8, vya mraba, toboa kati, viwe vikubwa vya kutosha kukanyaga ukingo wa laina mbili zilizo jirani. Sasa hapa ndio lile swali la kisiguse wapi: pistoni inapanda hadi juu kabisa, kwa hivyo plieti ikanyage ukingo wa laina tu, milimita chache, isiingie kwa njia ya pistoni. Mimi hupima kwa katoni kwanza. Weka katoni juu ya bloku (mwili wa injini wenye laina), bonyeza na kidole chenye oili kuzunguka kila shimo na kila laina, utapata ramani safi ya kila kitu, kata na makasi, jaribu, ndio uhamishe kwa chuma. Kwa kufunga natumia bolti za zamani za hedi, na vile ni ndefu naziongezea kipande cha paipu kama spesa kati ya kichwa cha bolti na plieti. Pande zote za plieti zipige tupa mpaka kidole kisisikie ukali, na chini yake weka kipande cha gasketi ya zamani. Kaza kwa mkono halafu ongeza kidogo tu na spana. Laina inahitaji kutulia, haihitaji kufinywa. Na usisahau kukausha mashimo ya bolti kabla hujafunga kitu chochote, bolti ikikaza juu ya maji ama oili iliyofungiwa chini inaweza kupasua bloku.

Jamaa yangu wa Kondele ye ni mtu wa Volkswagen Beetle, na yake ni hadithi ingine. Pale kuna nati kubwa za milimita 36, moja inashika flaiwili (lile gurudumu zito nyuma ya injini) na moja iko kila ekseli ya nyuma kwa dramu ya breki. Ya flaiwili inakazwa niutoni mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 343 na ya ekseli 294, na hio si nguvu ya mkono. Watu wengi wanaruka juu ya paipu wakikisia, nati inakuja kulegea, mameno ya dramu yanaliwa.

Kwanza kifaa cha kuzuia flaiwili isizunguke. Tafuta engo laini nzito ya kama sentimita 60. Flaiwili ina mashimo 6 ya bolti za klachi, za milimita 8, wewe unataka mawili tu. Fanya ile ramani ya katoni na kidole cha oili, toboa mashimo ya milimita 9 kwa engo laini, na hakikisha ikishafungwa haizibi njia ya soketi pale katikati (tulitengeneza ya kwanza ikaziba, ikabidi tuikate umbo la nusu mwezi kwa grainda). Funga na bolti mbili, ule mwisho mrefu uegemee sakafu ama mguu wa meza, inategemea unafungua ama unafunga.

Halafu kukaza. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu, ya kufika 343 si kila mtu anayo, lakini simenti kila mtu anaijua. Mfuko wa simenti wa kilo 50 ukining'inizwa kwa paipu iliyolala sawa, sentimita 70 kutoka katikati ya nati, unakupa hio 343 karibu kabisa. Ukiusogeza hadi sentimita 60 unapata 294 ya ekseli. Mfuko uwe mpya haujafunguliwa, paipu ilale sawa kama maji ya kwa beseni wala isiinamie chini, na kama paipu yenyewe ni nzito rudisha kamba ndani sentimita 3 hivi kwa sababu nayo ina uzito wake. Achilia mfuko pole pole, usiudondoshe, na miguu yako ikae mbali na chini yake. Sisi tumekata alama mbili kwa paipu na hakso, 60 na 70, kamba inakaa pale haitelezi. Kwa nati ya ekseli, ukifika na shimo la splitipini halijalingana, endelea mbele kidogo mpaka lilingane, usirudi nyuma hata kama ni kidogo.

Land Rover za Series nazo, nati ya habu ni pana na nyembamba, inataka spana ya boksi ya milimita 52, na karibu kila moja niliyowahi kuona imepigwa na tindo mpaka imekuwa duara. Kutengeneza hii si ngumu. Chukua nati nzuri, izungushie karatasi mara moja, halafu zungusha vipande 6 vya flatiba, kimoja kila upande, vifunge na waya. Gusisha na weldi mahali pachache tu halafu TOA NATI kabla hujamaliza kuchomelea, maana chuma kikipoa kinajikaza na hio nati hutaitoa tena. Ile karatasi ndio inakupa nafasi ya kuingia na kutoka. Kisha chomelea kipande cha paipu nyuma, toboa shimo pande mbili upitishe chuma cha kuzungushia. Kama paipu ni ya mabati yenye zinki, ondoa zinki kwanza na grainda mahali utachomea, ule moshi mweupe ni sumu, utalala na homa usiku mzima.

Kuhusu chuma chenyewe: vishikizo na engo laini ni chuma cha kawaida tu, inatosha. Kwa mtarimbo ama tindo ndio natafuta springi ya majani ya gari iliyovunjika. Unaipasha mpaka sumaku haiishiki tena, unaizamisha kwa oili (nje ya nyumba, mkebe wa chuma wenye kifuniko karibu, maana oili inaweza kushika moto), ikishapoa unasugua mahali padogo pang'ae, halafu unaipasha tena kidogo kidogo ukiangalia rangi inavyotembea, manjano, kahawia, zambarau, na ikifika buluu unaitoa inapoa yenyewe. Ukiiacha bila hio hatua ya pili itakatika kama glasi na kipande kiruke machoni mwa mtu. Chuma kikiwa kinafanana na cha reli ama cha nguzo za stima usinunue, hata kikiwa rahisi aje. Utatafutwa.

Kuna vitu sitengenezi na sikubali mtu alete kwa kikundi chetu: kifaa cha kubana koili springi, na stendi za kushikilia gari juu. Springi iliyobanwa ikiachilia inaua. Hivyo tulichanga tukanunua.

Sasa kuazimana. Mtu anatumia kishikizo cha laina mara moja kwa miaka 10, hakuna haja kila mtu awe nacho, lakini vifaa vyetu vya kwanza vilipotea vyote. Havikuibwa. Mtu anakaa na kipande cha plieti kimetobolewa, anasahau ni cha nini, kinaenda kwa skrapu. Ndio siku hizi kila kifaa kinapigwa namba na ile mihuri ya chuma, pamoja na gari yake, kwa mfano "3 PIJO 504 LAINA", ndani ya chuma, sio rangi. Vifaa vya kazi moja vinakaa kwa sanduku moja la bati tulilotengenezewa Kibuye, na ndani ya kifuniko kumebandikwa karatasi ya vile vinatumika na orodha ya vipande, hadi washa za bolti. Anayepokea anahesabu, anayerudisha anahesabu.

Sanduku linasafiri na matatu, Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, anayeomba ndiye analipa nauli ya kwenda na kurudi. Anatuma amana kwa M-Pesa, inarudishwa sanduku likifika kamili, na daftari inawekwa na mtu mmoja tu. Tulijaribu daftari mbili, moja kila mji, ikawa kila mtu anasema liko kwa mwenzake. Kifaa kikivunjika ukikitumia sawasawa hulipi, ila unakirudisha na vipande vyake tuone kilivunjikia wapi. Hivyo ndivyo tulijua plieti za milimita 4 hazitoshi, zilikunjika.

Kitu muhimu hata kuliko sanduku ni mchoro. Picha ya simu peke yake inadanganya, ukipiga kwa pembe mashimo yanasogea. Chora kifaa saizi yake halisi juu ya katoni ama karatasi ngumu, halafu pembeni chora mstari wa sentimita 10 kamili. Mwenzako akitoa fotokopi anaweka rula kwa huo mstari, kama ni 9 na nusu anajua mashine imepunguza. Umbali wa mashimo pima kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya lingine, andika kwa milimita, andika unene wa chuma, saizi ya bolti, na kwa kalamu nyekundu paka zile sehemu ambazo kifaa hakifai kugusa. Ukibadilisha chochote weka tarehe mpya na uchane ile ya zamani, tusije tukawa na michoro mitatu inapingana.

Kwa sasa sanduku la Pijo liko Kisumu, la Beetle liko hapa Nakuru. Ile tunakosa ni ya 404. Nayo laina zake ni za kuchomoka, lakini sina bloku ya kupimia na sitaki kukisia. Kama uko Bungoma, Kakamega ama popote huko na una bloku ya 404 iko wazi, hata imekufa, lete katoni, oili kidogo kwa kidole, nitengenezee ile ramani. Plieti nitakata mimi, na seti ya kwanza itaanzia kwako.