Kukadiria mwitikio wa hewa kwa Excel: mfano wa joto la Uyole, Mbeya

Panda daladala ya Mwanjelwa–Uyole yenye springi zilizochoka. Ikiruka tuta, inanesanesa hadi mbali ndipo itulie. Ijaze magunia ya viazi uone inavyolala. Yenye springi ngumu hutulia upesi, na mzigo huibonyeza kidogo tu. Mneso wa tuta umeshakupa habari za mzigo kabla hujapakia. Mwaka 1975 mwanasayansi wa hali ya hewa Cecil Leith alipendekeza tuihoji hewa vivyo hivyo: mabadiliko yake ya kawaida yatuambie itajibuje ikisukumwa.

Hatua ya 1. Pata joto la kila siku la miaka 20 hivi. Siku isiyopimwa iache wazi. Ukiandika sifuri, Excel itaamini Uyole iliganda.

Hatua ya 2. Ondoa msimu. Kwa kila tarehe, tafuta wastani wa siku hiyo, 7 kabla na 7 baada, miaka yote, kisha utoe kwenye kipimo. Kinachobaki ni mkengeuko. Mara ya kwanza niliiruka hatua hii. Uhusiano wa joto la leo na la kesho (0 maana yake hakuna, 1 maana yake vinakwenda pamoja kabisa) ukatoka 0.9, nikashangilia. Kumbe nilikuwa nimegundua kwamba Julai kuna baridi na Oktoba kuna joto, jambo ambalo muuza makoti ya mitumba analijua bila kompyuta.

Hatua ya 3. Nakili safu ya mikengeuko, ishushe mstari mmoja ili kila siku ikae kando ya siku inayofuata, kisha tumia CORREL, fomula ya Excel ya kupima uhusiano wa safu mbili. Tuseme umepata 0.6. Shusha miwili: ikija karibu na 0.36, yaani 0.6 × 0.6, endelea. Ikizidi sana, usilazimishe kanuni fupi ya hatua ya 4. Badala yake jumlisha 1 + 0.6 + uhusiano wa siku ya pili, ya tatu, hadi ufifie, utumie jumla hiyo. Miezi ya mvua na kiangazi vihesabu mbalimbali.

Hatua ya 4. Tafuta msukumo wa kila siku utakuzwa mara ngapi: 1 ÷ (1 − 0.6) = 2.5. Sasa chukulia moshi wa kuchoma mashamba unapunguza nyuzi 0.2 kila siku. Siku ya kwanza joto limeshuka 0.2, ya pili 0.32 (0.2 mpya, na 0.6 ya mshuko wa jana), ya tatu 0.392, na mwisho linatulia 0.2 × 2.5 = nyuzi 0.5 chini.

Hatua ya 5. Msukumo uwe mdogo. Springi zikishagota chasisi, hesabu hii haifai tena. Ukitaka kuongeza Tukuyu na Njombe, namba moja inageuka matriksi, yaani jedwali la namba. Anza na vituo viwili ambavyo joto lao halifanani kupita kiasi, la sivyo kutafuta kinyume cha matriksi (kinachoshika nafasi ya kule kugawanya kwa hatua ya 4) kutakupa namba za ajabu.