Laptopu ya mwanafunzi wa afya: uliza kwanza kuhusu mtihani

Kabla hujauliza ununue laptopu ya kampuni gani, uliza chuo ulichochaguliwa kinatumia programu gani ya mtihani. Nasema hivi nikiwa muuguzi mkufunzi. Nafundisha stadi za kitabibu kwa wanaoanza uuguzi, famasia na fiziotherapia, na mitihani yao ya kompyuta ikifika, mimi ni mmoja wa wasimamizi. Huwa naona mashine za kila aina zikifunguliwa asubuhi ya mtihani. Zinazosumbua mara nyingi si mbovu wala si za bei ya chini. Ni nzima kabisa, ila hazikubaliani na programu ya chuo.

Vyuo vingi vya afya huendesha mitihani kwenye laptopu ya mwanafunzi mwenyewe, kwa programu inayofunga kila kitu kingine mpaka muda uishe. Zinazotumika sana ni pamoja na Examplify, Respondus LockDown Browser na Safe Exam Browser, na kila moja ina orodha ya mashine inazozikubali. Examplify, kwa mfano, haifanyi kazi kwenye Chromebook (laptopu inayoendeshwa na mfumo wa Google) wala kwenye Linux (mfumo endeshi wa bure). Safe Exam Browser ina matoleo ya Windows, macOS na iOS (mfumo wa iPad na iPhone), basi. Chromebook ni mashine nyepesi, inawaka haraka na betri yake hudumu, na mzazi anayeiona dukani ana haki ya kuipenda. Lakini kwa kozi ya afya usiinunue mpaka chuo kikuthibitishie kwa maandishi kwamba inakubalika kwenye mitihani yote ya miaka yote.

Kuna kikwazo kingine kinachojificha. Baadhi ya laptopu za Windows huja zikiwa katika hali ya S (S mode), ambayo hukubali programu kutoka Microsoft Store, duka la programu la Microsoft, peke yake. Mwanafunzi hupakua programu ya mtihani kutoka tovuti ya chuo, mashine inakataa kuisakinisha, naye anaona kama ameuziwa kitu kibovu. Haijaharibika. Hali hiyo huondolewa bila malipo kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya uamilishaji, ingawa ukishaiondoa huwezi kuirudisha. Iondoe siku unayonunua, usingoje usiku wa kuamkia mtihani.

Tatu ni prosesa. Laptopu za Windows zenye prosesa ya Snapdragon zimejengwa kwa mfumo wa ARM, tofauti na zile za Intel na AMD. Hukaa na chaji muda mrefu na hazipati joto sana, nami nazipenda kwa sababu hiyo. Tatizo ni kwamba programu nyingi za Windows zilitengenezwa kwa ajili ya Intel na AMD, hivyo kwenye ARM hupitia tafsiri ndani ya mashine. Programu za kawaida huvumilia tafsiri hiyo. Programu za mtihani wakati mwingine hazivumilii, na viendeshi, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa kama vya maabara, havitafsiriwi kabisa: lazima viwe vimetengenezwa kwa ajili ya ARM. Kama orodha ya chuo haitaji ARM waziwazi, chukua Intel au AMD ukae kwa amani.

Kwa upande wa Apple, kompyuta zenye chipu za M zilianza kutoka mwishoni mwa 2020, na sasa programu nyingi za masomo zimeshazoeana nazo. MacBook ya zamani yenye Intel nisingemshauri mwanafunzi mpya aichukue hata akipunguziwa bei, kwa sababu Apple imeshatangaza kwamba macOS 26 ni toleo la mwisho kuzihudumia, na hata hilo halizikubali zote. Kwa Windows, hakikisha mashine inakubali Windows 11, kwani Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukiwaandikia chuo, usiulize tu "laptopu ipi inafaa?" Watakujibu kwa jumla. Uliza programu ya mtihani inaitwaje na inahitaji toleo lipi la mfumo endeshi. Uliza somo la takwimu na utafiti linatumia nini: R na jamovi ni za bure na hukaa kwenye Windows na Mac pia, lakini Epi Info 7 inataka Windows. Anayekwenda kusomea radiolojia aulize programu ya kufungulia picha za CT na MRI, maana Horos ni ya Mac peke yake na RadiAnt ni ya Windows. Uliza pia chuo kinatoa leseni zipi, usije ukanunua Microsoft Office ambayo ungeipata kwa anwani yako ya barua pepe ya chuo.

Majibu hayo yakishapatikana, vipimo vya ndani havichukui muda. RAM, yaani kumbukumbu ambayo mashine hufanyia kazi, iwe GB 16. Mashine ya GB 8 itafanya kazi, lakini mwanafunzi wa afya hufungua PDF ya mhadhara yenye mamia ya kurasa, kivinjari chenye vichupo vingi, mkutano wa video na modeli ya anatomia ya pande tatu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kila kitu huanza kukwama. Kwenye laptopu nyingi nyembamba RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo unachonunua leo ndicho utakachokuwa nacho mpaka mwaka wa mwisho. Diski iwe SSD (ile ya kasi, isiyo na sahani inayozunguka), GB 512 ukiweza. Kadi ya grafiki ya michezo hutaihitaji. Programu za anatomia kama Complete Anatomy na Visible Body huendeshwa vizuri na grafiki ya kawaida iliyomo ndani ya prosesa za miaka hii, na kadi ile ingekuongezea uzito na kukunyonya betri.

Kioo ndicho ninachokigombania kuliko vyote, kwa sababu watu hukipita bila kukitazama. Katika histolojia na patholojia utasoma tishu zilizotiwa rangi mbili: hematoksilini, inayoipa kiini cha seli bluu ya zambarau, na eosini, inayotia saitoplazimu rangi ya waridi. Utambuzi mwingi unategemea tofauti ndogo kati ya waridi mmoja na mwingine. Kisha kuna picha za ngozi na macho, ambamo unatakiwa uone umanjano uliojificha kwenye weupe wa jicho, au ubluu unaoanza kwenye midomo ya mgonjwa anayekosa oksijeni. Kioo kibovu kinakunyima somo lenyewe, na hutajua kwamba umenyimwa.

Dai kioo cha IPS au OLED, cha nukta 1920 kwa 1080 au zaidi. Epuka cha TN, ambacho rangi zake hubadilika ukisogeza kichwa. Kwenye maelezo ya mashine tafuta maneno "sRGB 100%" au karibu na hapo; ni kipimo cha rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha. Ukikuta "NTSC 45%", ujue rangi zake zimefifia. Mwangaza usipungue niti 300, maana utasomea karibu na madirisha na chini ya taa kali za hospitali. Ukiwa mbele ya mashine, fungua picha ya tishu yoyote uliyoihifadhi kwenye simu au flashi, halafu inamisha kioo mbele na nyuma, tazama kutoka kushoto na kulia. Waridi ukigeuka kijivu, irudishe mezani. Muuzaji anayekukataza kufanya hivyo amekwisha kukupa jibu.

Ukubwa wa inchi 13 au 14 unatosha. Uzito usizidi kilo 1.5, kwa sababu siku za mazoezi wodini utabeba pia koti, stetoskopu, vitabu, chakula na maji, na utasimama sana.

Betri iangalie kwa watti-saa, si kwa saa ambazo tangazo linaahidi. Kuanzia Wh 50 ni mwanzo mzuri kwa mashine ya inchi 14. Chagua inayochajiwa kwa USB-C ili uweze kuazima chaja au kutumia betri ya akiba yenye nguvu ya kutosha. Na hapa nazungumza kama muuguzi kabisa: soketi zilizo karibu na kitanda cha mgonjwa ni za mgonjwa. Zinangojea pampu ya dripu, mashine ya kufyonza makohozi, mashine ya oksijeni. Usichomeke laptopu yako pale hata kama hakuna anayekutazama. Nunua mashine itakayokufikisha mwisho wa zamu bila kutafuta umeme.

Mashine inayoingia wodini lazima isafishwe. Kibodi iliyojaa nakshi na mifuniko ya kitambaa huficha uchafu, kwa hiyo pendelea uso laini. Izime, chomoa chaja, kisha pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa alikoholi ya isopropili ya asilimia 70, bila kuruhusu maji kuingia kwenye matundu. Dawa za klorini usitumie. Kabla ya yote hayo, jiulize kama kulikuwa na haja ya kuiingiza wodini siku hiyo.

Kamera na maikrofoni visiwe vya kusahaulika. Mitihani ya mbali huvihitaji, na mimi huwaambia wanafunzi wajirekodi wakifanya mazoezi ya kuchukua historia ya mgonjwa kwa kumtumia mwenzao, kisha wajisikilize wanavyouliza.

Mtumba ninauunga mkono. Mashine za kazi za ofisini kama ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude na HP EliteBook zimejengwa kuvumilia, na vipuri vyake hupatikana. Kagua mambo mawili. Kwanza, isiwe bado imefungwa na mwajiri wa zamani: iwashe kuanzia mwanzo kabisa, ikiwa imeunganishwa na intaneti, uone kama itadai akaunti ya kampuni au, kwa Mac, ya mmiliki aliyetangulia. Ikidai, usitoe pesa. Pili, betri. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport, fungua ripoti inayotengenezwa, kisha linganisha uwezo iliozaliwa nao na ilionao leo. Ikiwa imebaki chini ya theluthi mbili, hesabu na gharama ya betri mpya. Kwenye Mac tazama idadi ya mizunguko ya chaji. Nyingi za miaka ya karibuni zimepangiwa 1,000.

Tableti yenye kalamu ni nzuri sana kwa kuchora njia za neva na mizunguko ya kimetaboliki, na kwa kuandika juu ya slaidi za mhadhara. Inafuata baada ya laptopu, haichukui nafasi yake.

Ukishaileta nyumbani, sasisha mfumo wote, washa usimbaji wa diski (unaozuia asiye na ufunguo kusoma data zako), yaani BitLocker au usimbaji wa kifaa kwenye Windows na FileVault kwenye Mac, na uandike ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi utakayoihifadhi mbali na mashine. Weka nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje na nyingine mtandaoni. Sakinisha programu ya mtihani wiki hiyohiyo na ufanye jaribio la mazoezi hadi mwisho, pamoja na hatua ya kutuma majibu. Jina la mgonjwa, picha yake au karatasi zake zisiingie kwenye mashine yako binafsi hata kama diski imesimbwa. Muulize mkufunzi wako kumbukumbu za wagonjwa uliowahudumia zinaandikwa wapi na kwa namna gani. Na uandike jina lako kwenye chaja, kwa sababu za USB-C zinafanana sana na kwenye chumba cha wanafunzi hubebwa kimakosa kila siku.