Jinsi ya Kubuni Kampuni ya Meli za Nyota Ambayo Msomaji Ataiamini

Wengi wetu tunaotunga hadithi za biashara kati ya nyota huanza na injini. Nami nilianza hapo: katika rasimu yangu ya kwanza nilieleza mitambo kwa kurasa tatu nzima kabla sijajua meli ile imepakia nini, na ilinibidi niitupe rasimu yote. Anza na shehena, kisha umbali, kisha gharama ya fedha zinazokaa njiani, na umbo la meli litatokana na mahitaji hayo.

Umbali uandikwe kwa tarakimu. Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, ambayo Robert Innes aliigundua mwaka 1915 akiwa Johannesburg, iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, yaani nuru yenyewe huchukua miaka 4.24 kufika huko. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, huenda takriban kilomita 17 kwa sekunde, na kwa mwendo huo kingehitaji karibu miaka 75,000 kumaliza safari ya urefu huo. Kwa hiyo amua mapema kama meli zako zitatii fizikia tunayoijua au zitapita njia ya mkato uliyoibuni. Ukichagua njia ya mkato, iwekee bei na masharti, wala usiyalegeze katikati ya hadithi kwa sababu tu mhusika wako amekwama. Mimi napendelea meli zisizoishinda nuru kwa mwendo, na maelezo yanayofuata ni ya meli za aina hiyo.

Chukua mwendo wa asilimia 10 ya kasi ya nuru. Safari ya kwenda Proxima Centauri itachukua miaka 42.4. Kampuni iliyokopa fedha za kununulia shehena kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, riba ikizaa riba, itadaiwa karibu mara 8 ya mkopo wake siku meli itakapotia nanga, kabla haijamlipa baharia hata mmoja. Nishati nayo ni mzigo mkubwa, kwani kila kilo moja inayofikishwa kwenye mwendo huo hubeba nishati sawa na takriban uniti milioni 125 za umeme. Zifanye hesabu hizi mwenyewe kwenye karatasi, maana ndizo zitakazokuonyesha kisichofaa kupakiwa. Mahindi, chuma na maji havitasafiri kamwe. Michoro ya mitambo na nyimbo hazihitaji meli, kwa kuwa mawimbi ya redio yatazifikisha kwa miaka 4.24 tu. Kinachobaki ni kidogo, nacho ndicho utajiri wa hadithi yako: watu, vifaa ambavyo makazi mapya hayawezi kuviunda hata yakipewa michoro yake, na vitu ambavyo nakala yake, hata iwe safi kiasi gani, haitoshi.

Suala la saa huwatatiza wengi. Meli ikienda kwa asilimia 80 ya kasi ya nuru, safari hiyohiyo ni miaka 5.3 kwa saa za bandarini, ilhali mabaharia watazeeka kwa miaka 3.2 hivi, kwa kuwa muda ndani ya meli iendayo karibu na kasi ya nuru hupita polepole zaidi. Je, riba ihesabiwe kwa saa ipi? Mwaka 1978 Paul Krugman, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2008, aliandika makala juu ya nadharia ya biashara kati ya nyota, na jibu lake ni kwamba riba huhesabiwa kwa saa za sayari zinazofanya biashara, si kwa saa za melini, kwa sababu mwenye mtaji angeweza kuziacha fedha zake zizae nyumbani. Mshahara ni jambo jingine. Mkataba wa baharia hauna budi kueleza wazi analipwa kwa saa ipi, na hapo utapata mgogoro wa kweli kati ya wafanyakazi na kampuni bila kulazimika kuleta maharamia.

Kuhusu mpangilio wa kampuni, sisi tuna mfano wa karibu sana. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar yakiwa na tende na papa, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko, kwa kuwa kule miti ya kujengea ni adimu. Nahodha hakuweza kurudi apendapo. Alingoja upepo, na katika kungoja huko aliuza, akanunua, akakopa. Tajiri aliyebaki Maskati hakuwa na njia ya kumwamrisha, na mabaharia walipewa mafungu ya faida, hivyo hasara ya chombo ilikuwa hasara yao. Mpe nahodha wako mamlaka kama hayo, kwa sababu agizo la makao makuu litamfikia likiwa na umri wa zaidi ya miaka minne, na umweke wakala wa kudumu katika kila bandari.

Idadi ya meli pia ina hesabu yake. Ukitaka meli moja iondoke kila mwaka kwa ule mwendo wa asilimia 10, na kila moja irudi kupakia tena, unahitaji meli zisizopungua 85, na hakuna nahodha atakayefanya safari mbili.

Mwisho, kabla ya kuandika onyesho lolote, andika daftari la shehena la meli moja, mstari kwa mstari. Kwa mfano: “Sanduku 212. Diwani ya mashairi, hati ya mkono, kilo 2. Limefungwa kwa lakiri.” Kisha, katika safu ya mapokezi, kwa mwandiko mwingine na wino mwingine, miaka 42 baadaye: “Lakiri haijavunjwa. Aliyeagiza amefariki. Amepokea mjukuu wake.”